Mlinzi wa Rauta na Safari ya Milembe

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimeaibika mbele ya mkwe. Na si kidogo.

Baba mkwe wangu, mzee Bujiku, ametutembelea hapa Katoro kutoka Mwadui. Mume wangu Jilala yuko machimboni kwenye duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mzee analala kwa katekista Theonest, ndugu yao wa ukoo, maana si adabu mkwe kulala nyumba moja na mke wa mwanawe. Mchana anashinda kwetu, anatazama ngoma za Kisukuma za mtandaoni kwenye TV. Mimi napiga goti, nasalimia, naweka chakula, natoka. Hatutazamani usoni. Hatuongei mambo ya hovyo. Kusema kweli, baada ya salamu hatuongei kabisa. Akitaka maji anamwambia binti yangu Milembe, wa miaka minne, amwambie mama yake. Nami namjibu kupitia Milembe huyohuyo. Sote tuko chumba kimoja.

Leo natenga ugali. Katekista yupo. Ngoma ikakatika, likaja tangazo. Dawa ya wanaume! Lile la bwana mwenye sauti nene. Nikaganda na bakuli la mlenda mkononi. Na hapo bado ningesalimika. Lakini Milembe akasimama, akashika kiuno, akalisema lote sambamba na yule bwana: baba usikubali kuchoka mapema, mama anasikitika, piga simu sasa. Analijua kuliko Baba Yetu.

Katekista akakohoa. Mzee akanawa mikono, ingawa alikuwa hajala, akatoka nje.

Jioni Milembe akaniletea ujumbe akirukaruka. Babu anasema Jumatatu anaondoka naye. Atalelewa na bibi Mwadui, atasoma hukohuko. Nyumba yenye mambo kama haya si ya kukuzia mtoto.

Nikampigia Jilala. Akasema mzee akishasema amesema, labda aone nyumba imebadilika. Kisha simu ikakatika, au alikata yeye.

Milembe kalala, mkono wake uko shingoni mwangu. Hapana. Siwezi. Nyumba itabadilika kabla ya Jumatatu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwa ninacho.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimekwenda kwa Pantaleo, fundi simu wa pale sokoni. Nimemweleza shida bila kutaja tangazo lenyewe ni la nini. Akalitaja mwenyewe. Kumbe analijua!

Amesema ipo njia. Kwenye rauta, kile kisanduku kinacholeta mtandao nyumbani, kuna sehemu inaitwa DNS. Alivyonieleza, DNS ni kama mtu wa kituoni unayemuuliza nyumba ya fulani iko wapi. Simu haijui njia, inamuuliza yeye. Matangazo nayo yana nyumba zake. Sasa ukimwondoa yule mtu, ukamweka mwingine ambaye akiulizwa nyumba ya tangazo anasema haijui, basi tangazo haliji. Unaandika namba zake tu kwenye rauta. Wako wawili, wa kwanza na msaidizi wake, na namba za wote akaniandikia kwenye kikaratasi.

Nimefurahi mpaka nikampiga Pantaleo begani. Mlinzi! Mlinzi wa nyumba yangu! Akasema angekuja kuniwekea, ila kuna jambo moja kuhusu video lazima nilifahamu kwanza. Nikamwambia nimeelewa, nikaondoka. Fundi ukimpa nafasi anaongea mpaka unamwona wa maana.

Tatizo ni Scolastika. Ni jirani yangu, tumepakana ukuta, na hiyo rauta tumechangia. Inakaa kwangu kwa sababu kwake soketi imeungua, lakini yeye ndiye anajiona mwenye nayo. Anauza vitenge kwa mtandao. Nimemdokeza tu kwamba nitairekebisha. Akauliza nani, mimi? Akacheka akiwa ameshika mlango. Akasema Mama Milembe shoga yangu, wewe pasi tu ilikushinda.

Pasi ilikuwa mbovu.

Alhamisi, 12 Juni 2025

Siku njema sana! Nimeingia ndani ya rauta peke yangu. Mzee alikwenda na katekista kumwona mgonjwa, nikapata nafasi. Nimeandika namba zilizo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya rauta, ukurasa ukafunguka, nikaweka neno la siri. Nikaona DNS kwa macho yangu. Nikakaa wima kama nasaini ndoa.

Nafasi ya kwanza nimemweka mlinzi. Nafasi ya pili alikuwepo yule wa zamani. Nilitaka kumfuta, nikasita. Amekaa na sisi tangu tununue rauta, hajatukosea kitu, kazi aliyopewa ndiyo aliyofanya. Hata mgeni ukimpokea humfukuzi aliyemtangulia. Nimemwacha awe msaidizi.

Nikafungua gemu ya Milembe ya kupika keki. Kimya! Hakuna tangazo la kubeti, hakuna mkopo wa dakika tano. Milembe akauliza wale watu wameenda wapi. Nikamwambia wamekatazwa mlangoni. Akawaonea huruma.

Nikatoka nje kumtangazia Scolastika kwa sauti ya kawaida, ya kusikika nyumba tatu.

Baada ya chakula cha mchana gemu ikaleta tangazo la kubeti. Nikazima, nikawasha. Kimya. Nikazima, nikawasha. Mkopo! Mara lipo, mara halipo. Scolastika alikuwa dirishani. Akauliza mlinzi amekwenda kula?

Nimempigia Pantaleo. Akauliza nafasi ya pili nimemweka nani. Nikamwambia. Akacheka mpaka akaomba radhi. Kumbe rauta ikiona wa kwanza anachelewa kujibu, inamuuliza wa pili, na yule wa pili hamnyimi mtu njia. Anawaelekeza wote, wema na wabaya.

Niliona tu kwamba ana moyo mzuri.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Siku mbaya sana. Naandika kwa kifupi.

Asubuhi nimemfuta wa zamani kwa uchungu, nikaandika namba ya mlinzi wa pili. Milembe alikuwa mgongoni akinivuta masikio. Labda namba moja iliteleza. Nilirudi kwenye ile ya kwanza kuihakikisha, labda nayo ikateleza. Nikahifadhi. Taa zote za rauta ziko vizuri, lakini hakuna kinachofunguka. Simu haifungui. TV inazunguka tu duara. Mlinzi alikuwa amekataza kila mtu!

Mzee akaja, akakaa, akasubiri ngoma. Ngoma haikuja. Akamwambia Milembe amwambie mama yake kwamba TV inaumwa. Nikamwambia Milembe amwambie babu kwamba inatibiwa.

Hapo ndipo nilipoona kile kitundu nyuma ya rauta. Niliwahi kusikia ukikichoma, rauta inaanza upya. Nikachukua sindano ya kushonea. Nikachoma mpaka taa zikazima zote.

Imeanza upya kweli. Imesahau kila kitu. Hata jina lake imesahau, na neno letu la siri. Imerudia yale ya dukani, yaliyoandikwa pale chini yake. Kumbe Scolastika aliyapiga picha siku tuliponunua! Kabla sijamaliza kuipepea na kanga, yeye ameshaingia, amebadilisha neno la siri, na jina ameipa jipya. Nimewasha simu kutafuta mtandao, nikakuta: MAMA MILEMBE ACHA UFUNDI.

Linaonekana mtaa mzima. Vijana wa bodaboda pale kona wanalisoma.

Nimebaki bila mtandao, bila mlinzi. Mzee kashinda kutwa chini ya kivuli cha paa, Milembe kakaa miguuni kwake, wanaongea. Nimewachungulia toka jikoni. Anamwonyesha babu jinsi anavyoweza kusimama kwa mguu mmoja. Anazoea. Anamzoea! Nimekatakata vitunguu vingi kuliko mboga ilivyohitaji.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Nimekwenda kwa Scolastika kuomba neno la siri. Nilijiandaa kwa maneno makali. Nilipofika nikalia.

Akashtuka. Akaniketisha juu ya vitenge vya wateja. Nikamweleza kuhusu Jumatatu, kuhusu Mwadui, kuhusu Milembe. Alikuwa hajui. Akasema kumbe, mwenzangu, yeye alidhani namringia tu. Akanipa neno la siri. Akaongeza sharti: matangazo ya vitenge vyake yasiguswe, maana yale si matangazo, ni maisha yake. Nikakubali bila kujua kama inawezekana. Kuhusu jina la mtandao alisema atalibadilisha akipata nafasi.

Nikaingia tena. Safari hii Scolastika alisoma namba kwa sauti, mimi nikaandika, kisha nikasoma mimi yeye akakagua, kama tunahesabu sadaka. Walinzi wawili. Hakuna wa zamani. Tukahifadhi, tukazima, tukawasha.

Gemu safi! Habari za mpira safi, pale palipokuwa na tangazo pana weupe tu kama shuka. Tulifungua kurasa mpaka Scolastika akaanza kutafuta matangazo kwa makusudi, akayakosa. Tukashikana mikono.

TV hatukuijaribu. Mzee alikuwa amekaa mbele yake, na mkwe huwezi kumpita ukachezea TV. Lakini rauta ni moja, kwa nini kuijaribu? Milembe alikuwa ameshika ndevu za babu akimuuliza jambo. Mzee alikuwa amefumba macho.

Nimemtuma Milembe amwambie babu kwamba kesho baada ya misa namkaribisha rasmi, yeye na katekista, waone nyumba ilivyobadilika. Jibu likarudi kwamba atakuja.

Jumapili, 15 Juni 2025

Kabla ya misa nimeiwekea TV neno la siri jipya, mbio mbio. Nimepika kuku. Nimempamba Milembe. Mzee kakaa, katekista kakaa, Scolastika kasimama mlangoni akisema amefuata chumvi. Nikapiga goti pembeni. Ngoma ikaanza vizuri, bugobogobo, majembe yanarushwa juu. Mzee akatikisa kichwa kwa raha. Nikawaza, Jilala, ungeniona.

Ngoma ikakatika.

Yule bwana. Sauti nene. Akauliza kama baba anachoka mapema.

Rimoti ilikuwa chini ya paja la mzee. Milembe akaanza kusimama. Ndipo nikafanya jambo ambalo hata sasa sijui limetoka wapi. Nikasalimia.

Nikasema mwangaluka, baba! Kwa sauti ya kuita ng'ombe. Mzee akashtuka, akaitikia, maana salamu haikataliwi. Nikamuuliza habari za Mwadui. Nzuri. Habari za mama? Hajambo. Na ng'ombe? Wazima. Pamba? Inavunwa. Yule bwana akapandisha sauti, nami nikapandisha. Nikauliza mashemeji kwa majina, mmoja mmoja. Nikauliza majirani. Nikauliza kisima. Nikauliza mbwa. Kila nililouliza mzee akaitikia, ilimlazimu, jasho linamtoka. Milembe alinikodolea macho, akasahau kulisema tangazo. Katekista naye akaitikia, ingawa hakuulizwa.

Tangazo likaisha. Ngoma ikarudi. Mimi nilikuwa nimefika kwa kuku wa shangazi yao.

Scolastika alikuwa ameng'ata kanga.

Mzee akajifuta uso. Akageuka kumtazama katekista, si mimi, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia. Alisema tangu Ijumaa, TV ilipougua, amekaa na huyu mtoto kutwa nzima. Mtoto anauliza. Kwa nini babu ana nywele masikioni. Kwa nini ng'ombe hana mikono. Nani alimfundisha mbuzi kulia. Ukimjibu, anauliza kwa nini umejibu hivyo. Hajapata usingizi wa mchana hata kidogo, na yeye ni mtu mzima. Leo amesikia mama yake naye akiuliza, ameelewa ni ya kuzaliwa nayo. Kule Mwadui wako wazee wawili tu. Watakufa. Huyu abaki kwa mama yake mpaka maswali yaishe.

Akamwambia Milembe aniletee ujumbe huo. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Milembe akaja akaninong'oneza: haondoki. Kisha akauliza kwa nini nalia.

Nikaenda jikoni kumaliza kulia vizuri.

Nilimpigia Pantaleo baadaye. Akasema ndilo jambo alilotaka kuniambia. Matangazo ya kwenye video yanakaa nyumba moja na video zenyewe, mlango mmoja. Mlinzi akikataa tangazo, anakataa na ngoma. Nikamwambia angesema mapema.

Jumanne, 17 Juni 2025

Mzee ameondoka jana na gari la asubuhi. Milembe alimsindikiza mpaka kituoni, na kila hatua ilikuwa na swali lake. Mzee alipanda akatafuta kiti cha dirishani upande wa pili.

Jilala amepiga simu. Nimemweleza jinsi nilivyomwokoa mtoto kwa kurekebisha rauta. Scolastika alikuwa akisikiliza ukutani. Akapaza sauti kwamba si kuirekebisha, ni kuiharibu, kwamba rauta ingekuwa nzima Ijumaa, mzee angetazama ngoma, asingejua mtoto ana mdomo. Wivu ni kitu kibaya. Na jina la mtandao bado hajapata nafasi.

Ukweli ni kwamba kazi hii Mungu amenijalia. Mimi mwenyewe nashangaa. Katekista Theonest alipita leo asubuhi akilalamika kwamba ofisi ya parokia nayo inasumbuliwa na matangazo, na Askofu anakuja, wanataka kumwonyesha video ya kwaya kutoka mtandaoni kwenye ukuta wa ukumbi mbele ya waumini wote. Alisema tu kama mtu anayepumzika, hakuniomba. Nimejitolea kabla hajamaliza.

Pantaleo amesikia, ameomba twende wote. Nimemwambia apumzike.

Askofu anafika Jumapili. Muda upo wa kutosha kabisa.