Jinsi Nilivyoiokoa Jumamosi ya Karate

Jumatatu, 5 Juni 1995

Habari mbaya. Nerima, mwenye ukumbi wa video hapa mtaani Mowlem, amesema huenda akafuta Jumamosi ya karate. Watazamaji wamepungua. Zamani tulibanana kwenye mabenchi, sasa mtu anaweza kulala chali. Javan, anayefanya kazi reli, anamshawishi aweke picha za Kihindi. Mapenzi, nyimbo sita, watu kukimbizana kwenye mvua. Javan hulia hadharani msichana akiozwa kwa mtu asiyemtaka. Hana haya.

Miaka mitano sijakosa Jumamosi hata moja. Benchi la mbele, katikati. Hapo ndipo ninapowasaidia watu kuelewa picha. Bila karate mimi ni nani? Ndolo, karani wa masjala, idara ya maji. Nimeanza kufikiri.

Jumanne, 6 Juni

Nimepata mpango. Nerima huheshimu makaratasi. Nitafanya uchunguzi: mashabiki wanapenda nini katika picha za karate, na hawapendi nini. Akiona jinsi watu wanavyozipenda, atashindwa kuzifuta. Nimepiga chapa fomu arobaini na nane kazini bosi alipoenda chai. Maswali mawili tu. Jina si lazima.

Alhamisi, 8 Juni

Watu hawajui thamani ya uchunguzi. Jana niligawa fomu kumi, leo zimerudi mbili. Moja ilikuwa imefungiwa mandazi. Ya pili ni ya Mzee Owiti, aliyestaafu reli. Kwenye "hupendi nini" ameandika kwamba midomo ya Wachina inamaliza kusema, ndipo sauti inafika. Ni kweli. Lakini si jambo la kumwambia Nerima.

Basi zile nilizobaki nazo nimezijaza mwenyewe. Thelathini na nane! Nimebadilisha kalamu mara tatu, na kumi nimeziandika kwa mkono wa kushoto. Watu wangu wanapenda mwanafunzi akipanda ngazi mia tatu na ndoo mbili za maji. Wanapenda mwalimu mwenye ndevu nyeupe, anayeonekana mlevi kumbe ni hatari. Wanapenda stelingi, shujaa mwenyewe, akikimbia juu ya paa bila kuvunja kigae kimoja, na ngumi inayolia kama ubao unaopasuka. Kwenye wasichokipenda niliandika "hakuna". Nikaona itafanana na uongo. Katika fomu kumi na mbili nikaandika "picha za Kihindi".

Nilipozisoma tena niliguswa. Mowlem ina watu wa maana.

Ijumaa, 9 Juni

Nerima alivaa miwani akasoma fomu zote, polepole, huku nimesimama. Kisha akataka kujua inawezekanaje watu thelathini na nane waandike "mazowezi" kwa makosa yale yale. Nilimwambia ndivyo watu wa mtaa huu wanavyotamka. Hakucheka.

Uamuzi wake: kesho baada ya picha atawauliza watazamaji wenyewe. Wakionyesha kweli wanaipenda karate, itabaki. Wakisitasita, Jumamosi ni ya Javan.

Nikaenda mbio kwa Wanza, fundi wa nguo, ambaye watu humsikiliza akisema. Nilimwandikia hotuba fupi ya kunisaidia. Aliisoma, akaikunja, akaendelea kushona. Nimechukua hiyo kuwa ni ndiyo.

Jumamosi, 10 Juni



Tulikuwa watu kumi na tisa. Picha nzuri sana, ya kijana anayemtafuta aliyemuua mwalimu wake. Mimi nimeiona mara nne, kwa hiyo niliwaambia mapema kwamba muuaji ni mpishi, ili wasihangaike kukisia.

Picha ilipoisha Nerima akawasha taa na kuuliza. Mzee Owiti alianza. Alisema hapendi maadui ishirini kumzunguka mtu mmoja halafu kumjia mmoja mmoja, kama wamepanga foleni posta. Watu wakacheka. Nikaona Jumamosi yangu inakwenda. Lakini mzee akaendelea. Alisema kuna kitu kimoja hajakiona kwingine: mwanafunzi kumshinda mwalimu wake, kisha kumwinamia. Akasema kwa hicho tu yuko tayari kuvumilia foleni.

Wanza akasimama. Hakuwa na karatasi yangu.

"Mimi napenda pale kijana anafagia uwanja mwaka mzima na hafundishwi ngumi hata moja," alisema. "Nilipoenda kujifunza kushona, mwaka mzima nilikuwa naokota nyuzi sakafuni. Nikimwona na ule ufagio najua anavyosikia. Na najua atafika."

Hotuba yangu haikuwa na kitu kama hicho. Niliinama kama ninayefunga kamba za viatu, hadi macho yakakauka.

Nerima akauliza: kama mnaipenda hivyo, mbona hamji?

Nikageuka kumtazama Javan, ili kila mtu ajue tatizo ni nani.

"Ni Ndolo," Wanza akasema. "Anatuambia kila kitu kabla hakijatokea."

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake. Mwanamume mmoja alisema hajawahi kushtuka ndani ya ukumbi huu tangu mwaka wa tisini na mbili. Mwingine alisema huja na pamba ya masikio. Nilijitetea kwamba bila mimi wangepotea, hasa sauti ikiachana na midomo.

"Sauti ya picha huchelewa tu," Mzee Owiti akasema. "Yako inatangulia."

Kisha Javan akasimama. Alisema hajawahi kuichukia karate. Alihamia picha za Kihindi kwa sababu mimi siendi huko.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani sikuimba. Miaka mitano nikidhani wananisogelea ili wanisikie vizuri. Kumbe benchi la mbele ndilo lililo karibu na kioo cha televisheni.

Baada ya ibada Nerima alinipata getini. Karate inabaki. Mimi nihamie benchi la nyuma kabisa, ukutani, na ninyamaze. Alisema Wanza ndiye aliyeomba nisifukuzwe, kwa kuwa hakuna anayeipenda karate kunishinda. Nimekubali masharti.

Sasa hivi, nikifikiri kwa utulivu: nani alikuja na wazo la kuwauliza watu? Mimi. Na karate imebaki. Kwa hiyo uchunguzi umefaulu.

Jumamosi, 17 Juni

Ukumbi umejaa hadi mlangoni. Javan ameketi mahali pangu. Nilikaa nyuma, kimya, dakika arobaini nzima. Picha ilikuwa mpya, hata mimi nilikuwa sijaiona. Moyo ulinienda mbio kama siku ya kwanza.

Kisha akatokea mzee kipofu anayepuliza filimbi sokoni. Mtu yeyote mwenye uzoefu angejua huyo ni baba yake stelingi. Nikawatazama wale wa mbele. Hakuna aliyeng'amua. Wanza alikuwa amekaa tu, mdomo wazi, hajui lolote. Nikawahurumia. Wangeelewaje bila kuambiwa?

Taabu ya benchi la nyuma ni kwamba inabidi mtu apige kelele ndipo wa mbele wasikie.