Fimbo ya Padri wa Kwanza

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepata njia! Jumapili parokia yetu inatimiza miaka themanini. Padri Felician ametangaza kwamba mlangoni pa kanisa litawekwa jiwe, na juu ya jiwe litachongwa jina la familia ya kwanza kubatizwa huku mlimani. Kitabu cha kwanza cha ubatizo kililiwa na mchwa. Kwa hiyo kila ukoo ulete ushahidi.

Yoakimu, katekista wetu na jirani yangu, tayari kapeleka kigoda. Anasema padri wa kwanza alikikalia nyumbani kwa babu yake. Anasema hivyo huku ameweka mkono kifuani. Sijalala mchana kwa wivu.

Mke wangu Hilda kashauri tuachane na jiwe, twende tukapure maharage. Wanawake hawana jicho la historia.

Jumanne, 16 Septemba

Nina fimbo! Ilikuwa stoo, nyuma ya magunia ya ngano. Nyeusi, nzuri, ina alama zilizochomwa kwa moto kwenye mpini. Nimeipaka samli mpaka inang'aa. Inzi wameipenda sana.

Hadithi pia ipo tayari. Padri wa kwanza aliugua njiani, babu yangu akambeba mgongoni kuanzia bondeni mpaka hapa juu, padri akamwachia fimbo kwa shukrani. Hilda akauliza mtu mfupi kama babu alimbebaje Mzungu mrefu. Nikamjibu kwamba ni kwa imani.

Alhamisi, 18 Septemba

Ushindi! Kamati imekaa ofisini kwa padri. Nilipofika pale babu anapovuka mto na padri mgongoni, wajumbe wawili walifuta machozi. Hata mimi yalinitoka.

Yoakimu akauliza zile alama ni nini. Kilatini, nikasema. Akauliza zinasemaje. Nikasema zinasema, "Asante kwa kunibeba, Mungu akulipe." Padri Felician, aliyesoma Kilatini seminari miaka minane, akaigeuza fimbo huku na huku, akakohoa. Akasema ni Kilatini ambacho yeye hakufundishwa. Maskini! Seminari za siku hizi!

Uamuzi: nitaibeba fimbo kwenye maandamano ya kuingia, nitakaa karibu na mgeni rasmi, Monsinyori kutoka jimboni. Kigoda cha Yoakimu kimetumika kuzuia mlango wa kanisa usigonge.

Jumamosi, 20 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Justina wa sauti ya kwanza, aliyeolewa huku kwetu kutoka Hirbadaw, ana furaha. Babu yake, Mzee Gidabuday, atakuja kumsikiliza. Ni mfugaji wa kule tambarare, hajawahi kuingia kanisani. Nikamwambia amketishe mbele kabisa, aone historia kwa macho yake.

Nyumbani Hilda kanibana. Fimbo nilipata wapi hasa? Nikasema niliiokota. Wapi? Mnadani Hirbadaw, mwezi wa saba. Ilikuwa imeegemea zizi, peke yake. Ndiyo, kulikuwa na mzee karibu anakunywa supu, lakini alikuwa ameipa mgongo.

Hilda akajifunika uso kwa kitenge. Akasema niirudishe. Niirudishe kwa nani? Hirbadaw ina watu wengi!

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nikiwa nyuma ya jiko la sherehe. Hakuna anayenitafuta.

Niliingia kanisani kwa hatua za taratibu, fimbo juu, koti la harusi yangu limenibana. Kwenye benchi la mbele alikaa mzee mrefu mwenye shuka jeusi. Nikainama: shikamoo, mzee. Akaitikia marahaba, lakini macho yake hayakuwa kwangu.

"Kijana," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, "umeitunza vizuri fimbo yangu."

Kwaya ikanyamaza. Monsinyori akauliza, na haya maandishi ya Kilatini?

"Hizo ni alama za ng'ombe wangu," akasema Mzee Gidabuday. "Nenda Hirbadaw ukazisome."

Kanisa zima lilicheka. Yoakimu alicheka mpaka akakimbilia kigoda chake mlangoni aketi. Mguu mmoja ukang'oka, na msumari mpya kabisa, wa dukani, uking'aa mbele ya kila mtu. Hapo nilipata faraja kidogo.

Kisha Monsinyori akatoa nakala ya kitabu cha ubatizo. Ilikuwa jimboni miaka yote! Nambari moja: Marieta, binti wa miaka kumi na minne, aliyewafundisha wenzake sala wakichunga mbuzi.

Hilda akasimama polepole. "Ni bibi yangu," akasema.

Vigelegele! Wanawake wakambeba mke wangu juu juu mpaka kiti kilichokuwa changu. Babu yangu alikuwa nambari mia mbili na kumi na mbili. Pembeni pameandikwa: alitoroka mafundisho mara tatu.

Nilipompelekea Hilda chakula nikamuuliza mbona miaka ishirini na sita ya ndoa hajaniambia. Akasema hakupata nafasi, mimi ndiye niliyekuwa nazungumza. Alikuwa analia na kucheka pamoja, na sikumbuki kumwona mzuri hivyo.

Mzee Gidabuday kanitoza faini ndoo ya asali. Padri Felician kasema ni haki.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepeleka asali. Mzee akaonja, akanisamehe, akanicheka tena. Nimerudi mtu mpya. Sitaki sifa. Sitaki jina popote. Nimemwapia Hilda.

Jioni padri katangaza kwamba kigango kipya kitafunguliwa ng'ambo ya bonde, waamini wapendekeze mtakatifu msimamizi. Nikafungua kalenda ya kanisa, kwa ibada tu. Tarehe 15 Juni: Mtakatifu Modesti. Yupo! Jina langu kabisa! Kigango cha Mtakatifu Modesti!

Barua imekamilika. Kwa kuwa waamini wote wangekubali kama wangeulizwa, nimewawekea saini arobaini mimi mwenyewe, kila moja kwa mwandiko wake. Ya Yoakimu imetoka nzuri kuliko anavyoiandika yeye.