Ndege Iliyomleta Kocha

Jumatatu, 24 Machi

Mpenzi Arlys,

Kocha Tiller ameiacha timu yetu ya kikapu. Miaka tisa! Wiki tatu tu zilizopita, kwenye karamu ya mashabiki, alishika kipaza sauti akasema tutamzika hapa hapa Wexley. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria ya maharage. Nilimsikia kwa masikio yangu. Leo asubuhi yuko Ohio, chuo chenye uwanja mkubwa kuliko mji wetu wote, na shingoni ana skafu ya njano. Ile skafu haikununuliwa jana. Mtu hapati skafu inayomkaa vizuri namna ile kwa siku moja.

Mkahawani wazee wote walikuwa wamenuna. Twyla alimimina kahawa bila kumtazama mtu. Alisema hata mume wake wa kwanza, pamoja na ubaya wake wote, aliacha barua.

Aliyekunywa kwa raha ni mmoja tu: Wendell Stroh. Unamkumbuka. Ndiye anayekaa nyuma yetu uwanjani, miaka ishirini na miwili magoti yake yako mgongoni kwangu, na ng'ombe wake hawana idadi. Akasema, "Makocha ni kama mvua, Delmar. Hii ikipita, inakuja nyingine." Amani hiyo ameitoa wapi? Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Lakini kocha si hoja. Hoja ni Marit. Amebakiza mwaka mmoja wa kutuchezea, na kesho dirisha la uhamisho linafunguliwa. Kocha akiondoka, wasichana humfuata kama vifaranga vya bata. Nawaza Januari ile ya mwaka jana, ulipokuwa huwezi tena kutoka kitandani, alivyokuja bila kuitwa na jezi yake namba kumi na mbili juu ya koti, akarusha mpira kwenye kile kikapu cha ukutani kwa gereji ili umwone kupitia dirishani. Mara kumi na moja uliingia. Mara ya kumi na mbili ulipokosa, ukasema ni upepo.

Kiti chako bado nakiwekea koti lako. Nikikaa pale bila wewe, na Marit naye asiwepo, nitakuwa natazama nini? Atamalizia hapa. Nitahakikisha.

Jumanne, 25 Machi

Dirisha limefunguliwa saa mbili asubuhi. Nimeitazama orodha ya wanaohama kila baada ya dakika tano. Hadi mchana wetu wawili wamo: yule mrefu na yule anayetafuna bigijii wakati wa wimbo wa taifa. Marit hayumo. Bado!

Mpango: kolache zako, vile vikeki vya plamu. Msichana akila kolache zako hawezi kuhama. Tatizo ni daftari lako. Umeandika "sukari kiasi". Kiasi gani, Arlys? Miaka arobaini na mmoja nimezila na sikuwahi kuuliza. Kumi na mbili zilitoka vizuri. Nyingine aliachiwa mbwa wa jirani, naye alifikiria kwanza.

Nikazipeleka bwenini. Mlangoni nikapokewa na Bi. Phyllis Grote wa ofisi ya kanuni. Akasema shabiki haruhusiwi kumpa mchezaji zawadi. Nikamwambia vyuo vingine vinawapa wasichana magari mapya. Akakubali. "Lakini magari yana fomu, Mzee Kucera. Keki zako hazina."

Akazichukua. Nilipogeuka nikamwona nyuma ya kioo anatafuna.

Hilo silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni hili: alijuaje kwamba nakuja? Aliyeniona nikinunua plamu ni mtu mmoja tu, naye alikuwa akinunua chumvi ya ng'ombe. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu ki mgongoni.

Jumatano, 26 Machi

Kila shabiki hapa anajua jambo moja. Kocha mpya hatafutwi gazetini, hutafutwa angani. Chuo kikikosa kocha, watu wazima wenye wajukuu hukaa na simu wakitazama ramani ya ndege. Ndege ndogo ikitoka mji wenye kocha mzuri ikatua mji usio na kocha, jibu umelipata. Kwenye jukwaa letu la mtandaoni yupo daktari wa meno anayezijua namba za mikia ya ndege kwa kichwa kama wengine wanavyozijua zaburi.

Saa nne na dakika kumi: ndege ndogo, kutoka mashariki mwa Iowa, inashuka kwetu!

Nikachukua darubini. Nikasimama kwenye uzio wa kiwanja cha ndege nikijifanya natazama korongo wanaohamia kaskazini. Msimu huu nusu ya Nebraska imesimama kwenye uzio na darubini, hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.

Akashuka mwanamke. Mrefu, nywele za mvi zimekatwa fupi, mwendo wa mtu aliyezoea kubishana na waamuzi. Na mikononi, Arlys, amekumbatia chombo cha chuma kinachong'aa, kimo cha mtoto wa miaka miwili, kina mikono miwili pembeni. Rubani alitaka kumsaidia, akakataa. Kombe! Kocha gani husafiri na kombe lake? Kocha anayejiamini.

Sasa sikia aliyekuja kumpokea. Wendell Stroh! Kwa pikapu, ameiosha. Amemfungulia mlango, yeye ambaye hajawahi kumfungulia mtu hata mfuko wa karanga. Kombe wakalikalisha katikati, wakalifunga mkanda.

Lisemwalo lipo. Na hili hata halijasemwa bado!

Alhamisi, 27 Machi

Nimepita mbele ya shamba la Wendell mara tatu. Mara ya nne nikaegesha kando ya mabua ya mahindi nikashusha kofia.

Gari dogo jekundu uani. La Marit!

Darubini. Wote watatu wako kwenye zizi. Yule mwanamke ananyoosha mkono mbele, polepole, kiwiko kimenyooka, halafu anageuza kifundo kidogo tu. Marit anaiga. Mwanamke anatikisa kichwa, anamshika mkono, anamrekebisha. Marit anarudia. Safari hii ni sawa. Wendell anapiga makofi.

Namna ya kurusha mpira! Katikati ya ng'ombe! Kocha hata hajatangazwa na tayari yuko kazini. Ilibidi nivue miwani niifute.

Nilipofika nyumbani nikaandika jukwaani, kwa jina langu la Safu ya Saba: "Kocha mpya yupo. Nimemwona kwa macho yangu. Yuko kwa W.S. Amekuja na kombe. Anamfundisha namba kumi na mbili sasa hivi. Namba kumi na mbili ANABAKI."

Majibu mia tatu na arobaini kwa saa moja! Wameniita Mzee wa Angani. Daktari wa meno ameomba ushauri wangu.

Wendell bado simwamini. Kwa nini amfiche? Anataka siku ya kutangazwa asimame yeye kwenye picha.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwa sababu nimezoea kukuambia kila kitu. Leo ningependa kukuruka.

Tulikwenda watu kama arobaini. Twyla alifunga mkahawa, jambo ambalo hakulifanya hata bomba lilipopasuka. Sita wa bendi ya chuo na ngoma kubwa. Kitambaa cha KARIBU KOCHA kimeshikwa na walimu wawili wastaafu. Mimi mbele.

Mwanamke akatoka zizini amevaa glovu ya plastiki inayofika begani.

Mtu akaipiga ngoma mara moja, halafu akaona aibu.

Wendell akatoka nyuma yake akauliza nani amekufa. Nikasogea. Nikasema tumekuja kumkaribisha kocha, na siri tunaijua, na hatuna kinyongo. Mwanamke akanitazama kwa upole kabisa. Akasema anaitwa Renske Dahl, na miaka kumi na nane ya kazi hii hajawahi kupokewa na ngoma, lakini yeye anauza mbegu za madume bora. Anahimilisha ng'ombe. Mpira wa kikapu hajawahi kuucheza, ana goti bovu.

Nikauliza, na lile kombe?

Akalifungua. Ukatoka moshi wa baridi. Akasema mle ndani wamo ndama mia nne, mtu akiwa na subira, wengi wao watoto wa dume mmoja anayeitwa Baroni.

Wendell alicheka mpaka akaushika uzio. "Delmar! Ulitaka Baroni aje kutufundisha ulinzi?" Twyla akasema bora Baroni, yeye angalau haendi Ohio. Hapo wote wakaangua kicheko. Bendi, kwa kuwa walishakuja, wakapiga nyimbo zao tatu. Ng'ombe walisogea kusikiliza.

Marit alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Hakucheka. Alinitazama tu, kisha akaingia ndani. Hilo ndilo lililonichoma.

Jukwaani sasa naitwa Mzee wa Madume. Daktari wa meno ameandika kwamba yeye hakuwahi kuamini.

Jumamosi, 29 Machi

Marit amekuja. Alibisha hodi mlango wa jikoni kama watu wa nyumbani. Kabla ya kukaa aliuliza kiti kipi kilikuwa chako, akakaa kingine.

Anaondoka.

Alisema hivyo mara moja, kama mtu anayechomoa mwiba. Kocha Tiller hahusiki. Aliamua tangu Januari. Anataka kuwa daktari wa ng'ombe, na chuo chetu somo hilo hakina. Kansas lipo, na huko watampa nafasi ya kucheza mwaka wake wa mwisho. Tangu vuli Wendell amekuwa akimfundisha kuzalisha ndama, na Bi. Dahl akaja akamwonyesha kazi ile niliyoiona kwa darubini. Barua ya kumsifu ameiandika Wendell. Kurasa mbili! Sikujua Wendell ana kurasa mbili ndani yake.

Nikauliza kwa nini Wendell hakuniambia. Akasema Wendell alitaka kuniambia tangu mwezi wa pili, yeye ndiye aliyemkataza. Alitaka kusema mwenyewe. Mara nne alifika mpaka kwenye kona yetu akarudi.

"Nilimwambia Kocha Tiller. Nimemwambia mama yangu, na mama yangu si mtu mwepesi kumwambia kitu. Wewe nilishindwa, Mzee. Niliona kama nawaacha nyinyi wawili."

Nikamwuliza kama mafuta ya gari yanatosha. Akasema Kansas haendi leo, Mzee, anaenda Agosti.

Halafu akasema ana ombi. Nisiwe na hila zaidi. Nisiandike popote, nisipike kwa siri, nisisimame kwenye uzio wa mtu. "Nisindikize tu. Basi."

Nikamwambia sawa. Nikampa mkono, akaukataa, akanikumbatia. Ana nguvu yule mtoto! Ndama watakoma.

Kuwapenda vijana wa chuo ni kazi ya ajabu, Arlys. Sisi tunabaki kwenye viti vile vile na wao kila mwaka wana miaka ishirini. Wewe ulilijua hili. Ulikuwa ukiwapungia mkono mechi ya mwisho wa msimu, hata wale waliokaa benchi mwaka mzima, mpaka wa mwisho aingie vyumbani. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kupasha gari moto. Nilidhani unanichelewesha.

Jumatatu, 31 Machi

Kocha mpya ametangazwa. Corliss Amundson, aliyekuwa msaidizi miaka kumi na mmoja. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu! Wakati mimi natazama anga, yeye alikuwa anatoa takataka. Alikwenda kwenye usaili wake kwa miguu. Hakuna aliyemshuku, na mimi humshuku kila mtu.

Wendell alinisogezea kiti mkahawani. Nikamwomba radhi. Akasema yaishe, kisha akaniuliza kwa sauti kubwa kama Baroni amekubali mkataba. Wazee wakagonga meza. Nililipia kahawa yake. Alileta nyama ya ng'ombe kilo nne, akaniwekea kwenye gari.

Kilo nne. Kwa mtu anayeishi peke yake?

Jumanne, 1 Aprili

Ahadi niliyompa Marit naishika. Hila za kumzuia zimekwisha kabisa. Atakwenda, na nitamsindikiza.

Lakini hakuna aliyenikataza kutazama anakokwenda. Nimejiunga na jukwaa la mashabiki wa chuo cha Kansas. Jina langu huko ni Rafiki wa Kaskazini. Ni watu wema ila wamelala usingizi wa pono! Kocha wao amepaka nyumba yake rangi. Nyeupe, nyumba nzima. Picha ipo, kaiweka mkewe mwenyewe, tena anatabasamu. Nani hupaka rangi nyumba anayotaka kuendelea kuishi ndani yake? Nyumba hupakwa rangi ili iuzwe. Akiondoka, Marit atabaki na nani?

Nimewaonya. Majibu mia sita na kumi na mawili mpaka sasa. Mmoja ameniita nabii.

Saa tatu na dakika arobaini ndege ndogo imeruka kutoka kule kuelekea kusini. Haijasema inakwenda wapi. Darubini iko kwenye gari. Safari ni ya mwendo wa saa sita hivi, na sandwichi za nyama ya Wendell nimefunga, baada ya kuinusa kwanza.

Huko uliko, Arlys, ukipata nafasi, nikumbuke.

Delmar wako