Kijioo Kinachokataa Kidole Changu

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu wangu wa kike, mhandisi mzima, kahamishia kompyuta yake chumba changu cha kupigia pasi. Ina kijioo cha kusoma kidole. Ukigusa, kompyuta ifunguke. Haifunguki! Kiwanda kiliandika programu ya kuendesha kijioo kwenye kompyuta za wengine, za aina yake kikazipuuza. Basi anaiandika mwenyewe, aigawe bure, kila mtu aisome na kuirekebisha. Nikamwambia sikukulea uwe mjinga. Akacheka. Nikamuuliza kijioo kinaona nini hasa. Akasema mistari ya ngozi. Nimetazama vidole vyangu mpaka pasi ikaunguza shati la watu.

Jumanne, 4 Juni
Leo anasajili vidole vya watu na kuvijaribu. Atakayesaidia, jina lake linaandikwa ndani ya programu, lisomwe dunia nzima. Nikatangulia! Kikanikataa mara tisa. Mjukuu anasema miaka thelathini ya udobi imefuta mistari yangu. Akaja wifi, dada wa marehemu mume wangu, mtu asiyejua sufuria inasuguliwa upande gani. Kugusa mara moja, kompyuta wazi. Akanipa pole, eti kazi ngumu si nzuri kwa mwanamke. Ebo!

Jumatano, 5 Juni
Nimepaka vidole mafuta mazito ili mistari iote. Haikuota. Kijioo kimechafuka. Nimegombezwa kwa heshima, lakini nimegombezwa.

Alhamisi, 6 Juni
Wifi kapita asubuhi, kagusa tena, kwa maringo tu. Alama yake ikabaki juu ya kijioo. Nikasema hiyo naifuta. Nikaipulizia pumzi ya moto, kama nifanyavyo miwani. Kompyuta ikafunguka! Pumzi tu! Inaona nini kwenye pumzi? Mjukuu akaingia, akauliza nani kafungua. Nikasema kidole changu. Akanikumbatia. Akataka nirudie, nikasema kidole kimechoka. Kesho anapeleka programu kwa wakaguzi mtandaoni, na kaandika kwamba inasoma hata vidole vya madobi.

Ijumaa, 7 Juni
Wakaguzi wakijaribu ikashindwa, ataaibika yeye, si mimi. Nikamweleza ukweli kwa ukali, nikawahi kukasirika kabla yake. Akamwita wifi aguse, kisha akapuliza mwenyewe. Ikafunguka! Kumbe pumzi huamsha alama ya aliyegusa, mwizi angeingia nayo! Akaketi kurekebisha: alama iliyoachwa kwenye kijioo isikubaliwe tena. Akasema bibi umeniokoa, hii ingekwenda hivyo ingekuwa aibu. Jina langu likaandikwa.

La pili. Chini ya wifi!

Jumamosi, 8 Juni
Mjukuu yuko bafuni. Kompyuta iko wazi. Kitufe cha kufuta nakijua, nimemwona akikitumia. Nimebonyeza, jina la wifi likaenda. Nikabonyeza tena kidogo, kwa ajili ya usafi. Ukurasa mzima ukaenda.

Nimeifunika kwa mashuka. Akitoka nitamwambia wifi alipita hapa.