Kitovu cha Bi Geesje Wiersma

Wakazi wa Vale de Corvos, mji mdogo wa Ureno unaopakana na Hispania, walitangaziwa Jumatatu asubuhi kwamba ofisi yao ya kodi, baada ya kikao cha siku mbili chenye milo mitatu ya mchana, imevumbua chombo cha kisayansi cha kubaini mgeni anaishi wapi.

Chombo chenyewe kilikuwa fomu. Sheria ya nchi, alieleza Bwana Adalberto Quintela, mkuu wa ofisi, huhesabu siku: mgeni akipitisha siku mia moja themanini na tatu kwa mwaka amekuwa mkazi, na mapato yake ya dunia nzima yatatozwa kodi hapa.

"Lakini siku zinadanganya," alisema Bwana Quintela. "Mtu hulala hapa, moyo uko kwingine. Au kinyume chake. Sisi tunatafuta kitovu cha maisha yake. Akipata alama hamsini kati ya mia, tumemnasa. Yaani, tumemtambua."

Kazi alipewa Bi Ilda Carrapato, karani wa miaka ishirini na miwili, kwa sababu alikuwa na uso wa huruma, ambao mkuu aliuhesabu miongoni mwa vitendea kazi.

Mgeni wa kwanza alikuwa Bi Geesje Wiersma, Mholanzi wa miaka sabini na mmoja, karani mstaafu wa mwanasheria. Kila mwaka alilala Vale de Corvos siku mia na themanini kamili, kisha akaenda kwa binti yake Groningen, nchini kwake. Pensheni yake ilikatwa kodi huko. Ikikatwa na hapa, ingebidi auze nyumba.

"Bwana Mkuu, kuna mkataba," Bi Ilda alikumbusha. "Nchi hizi mbili zimekubaliana mtu asitozwe mara mbili."

"Mkataba ni wa nchi," alijibu Bwana Quintela. "Sisi ni ofisi."

Basi Bi Ilda akapanda kilima, akakaribishwa jikoni, akafungua fomu.

"Mbwa wako analala wapi?"

"Si huyo hapo miguuni pako?"

Alama nne.

"Ukianguka bafuni, nani atakuja?"

"Fernanda, jirani. Ameshakuja mara mbili. Ananisema wiki nzima."

Alama saba.

"Wafu wako wamezikwa wapi?"

Bi Geesje akatazama dirishani, kule makaburini, kwenye misonobari. "Mume wangu yuko pale. Harm. Ni alama ngapi hizo?"

"Kumi na mbili."

"Mh. Angefurahi. Shuleni hakuwahi kupata hata tisa."

Bi Ilda akainamisha macho kwenye fomu. Ilikuwa na nafasi ya sahihi, ya muhuri na ya maoni ya ofisi. Kwa jambo hili haikuwa na nafasi. Akajumlisha. Tisini na moja.

"Samahani, mama," alisema.

"Usiniombe samahani, mwanangu. Nipe niisome." Bi Geesje alivaa miwani akasoma mbele, kisha nyuma, kwenye yale maandishi madogo ambayo hata mwandishi wake hakuyasoma. "Kifungu cha tisa. 'Fomu haitatumika kwa mgeni yeyote kabla haijajaribiwa kwa mkazi asiyetiliwa shaka.' Mmeshamjaribu nani?"

"Hakuna."

"Si yupo mkuu wenu? Kuna mkazi kumshinda yeye?"

Bwana Quintela alilipenda wazo hilo mno. Akaagiza jaribio lifanyike Alhamisi saa nne, ukumbini, mbele ya mwenyekiti wa halmashauri na gazeti la wilaya, pamoja na kahawa na keki za lozi. Watu walijaa, kwa ajili ya keki.

"Mke wako anaishi wapi?" alisoma Bi Ilda.

Bwana Quintela akakohoa. "Kwa sasa, ng'ambo ya mpaka. Hali ya hewa ya kule inamfaa."

"Ni kilomita kumi na moja tu!" alishangaa mwenyekiti.

"Unanunua wapi petroli?"

"Ng'ambo. Kila mtu ananunua ng'ambo."

"Nyama?"

"Ng'ambo."

"Daktari wa meno?"

"Bi Ilda, ruka maswali ya mdomo."

"Mwaka huu umelala mjini hapa mara ngapi?"

"Kazi ni nyingi, unajua mwenyewe..."

"Idadi tu, Bwana Mkuu."

"Arobaini. Na moja, gari lilipoharibika."

Jumla ilikuwa kumi na tisa.

"Jamani!" akapaza sauti mwoka mikate kutoka nyuma. "Kumbe mtalii ni huyu!"

Bwana Quintela aliifuta fomu papo hapo. Kwa bahati mbaya, mwongozo wake mwenyewe ulitaka matokeo yote, ya Bi Geesje na yake, yatumwe makao makuu kabla kahawa haijapoa, na Bi Ilda alikuwa mtumishi mtiifu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Makao makuu yalifafanua kwamba mikataba inazihusu hata ofisi: Bi Geesje ni mkazi, atatozwa mahali pamoja tu, na nyumba ibaki yake. Bi Geesje akaomba nakala yenye muhuri. "Miaka kumi na tisa," alimwambia Bi Ilda, "hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba mimi ni wa hapa."

Bwana Quintela naye, kwa kuwa si mkazi, hakuweza kuongoza ofisi ya wakazi. Tena kila karatasi yake ya kodi ilihitaji mdhamini, mkazi aliyethibitishwa. Mjini kote aliyethibitishwa alikuwa mmoja.

Akapanda kilima na boksi la keki. Bi Geesje alimpa kiti, akavaa miwani, akasoma karatasi pande zote mbili.

"Sahihi nitatia," alisema. "Ila hapa wanataka anwani yako ya mjini. Unakaa wapi hasa?"

Bwana Quintela alifikiri sana. Mwishowe akaomba, kwa heshima zote, kama angeruhusiwa kutumia anwani ya Bi Geesje.

"Kwa muda tu," alisema.

"Sote tulisema hivyo," alijibu Bi Geesje, akaandika.