Pilipili Ndani ya Congélateur ya Christiane

Jumamosi, 2 Machi 2024

Nimepata! Mwaka huu mimi, Anaclet, karani wa zamani wa reli, nitakuwa mtu.

Asubuhi sokoni: pilipili mbichi kila mahali. Za kijani, ndefu, zinang'aa, zimeshuka na malori kutoka Lukafu. Akina mama wanazimwaga chini kama majani. Wanakubembeleza uchukue. Hao hao, ikifika Agosti, ukiomba tatu tu wanakutazama kana kwamba umeomba jino lao.

Basi mpango: kununua sasa, kuchoma, kugandisha, kungoja. Agosti mji mzima utapiga hodi kwangu.

Nikachukua magunia mawili. Muuzaji, Mama Mwenya, aliuliza kama nina mgahawa. Nikamwambia nina maono. Akaniongezea konzi mbili za bure. Nadhani kwa huruma.

Congélateur, yaani friza, ipo. Ni ya mke wangu Christiane, anayeuza samaki wa baridi, na ndiyo inayotulisha tangu reli iniache. Yeye yuko Kipushi kwa dada yake aliyejifungua. Atarudi Alhamisi. Aliacha agizo moja: nisifungue congélateur. Ndani mna samaki wa Pweto, oda ya akina mama wa parokia kwa sikukuu ya wanawake. Mwaka huu tarehe nane imeangukia Ijumaa ya Kwaresima. Nyama hapana. Karamu nzima ni samaki wake.

Nimeelewa agizo. Alikuwa anawaza wezi.

Jumapili, 3 Machi

Nimechoma. Majiko matatu ya mbabula yamejaa makaa, katikati ya ua wa lupango, mara tu baada ya misa. Jirani Émile, mwalimu mstaafu, anayeuza vinywaji dirishani na kutoa maoni bila kuombwa, alichungulia juu ya ukuta. Akashauri nichome chache chache, na nisimame upande ambao upepo hauleti moshi kwenye nyumba. Wivu. Nikamwaga gunia zima, kisha la pili.

Moshi! Sijawahi kuona moshi wenye meno. Kuku walihama. Barabarani mtu alishuka kwenye baiskeli, akakaa chini, akalia. Émile akarudi na taulo usoni.

"Baba Sephora, uko unachoma pilipili ao uko unatufukuza mu quartier?"

(Sephora ni binti yetu. Ameolewa Likasi. Hana habari, Mungu asifiwe.)

Nikamjibu kwamba biashara kubwa zote zina moshi, mtaa uvumilie. Sikumwona vizuri. Sikuona chochote hadi saa kumi.

Halafu nikaenda chooni bila kunawa mikono. Sitaandika zaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Kumenya. Hakuna aliyeniambia kwamba pilipili ikishachomwa lazima imenywe. Émile anasema aliniambia. Maganda yanashika vidole, mbegu zinashika kila kitu. Glavu sina. Nilivaa soksi mikononi. Soksi hunywa maji ya pilipili na kuyatunza. Nimeshinda na mikono ndani ya ndoo ya maji kama mtoto aliyeadhibiwa.

Magunia mawili yamekuwa mabeseni mawili. Émile aliuliza, kwa upole wa kuudhi, zingine zimeenda wapi. Nikasema zimejikusanya. Huo ndio ubora.

Jumanne, 5 Machi

Nimefungua congélateur. Kidogo tu.

Samaki wamejaa nusu. Nikaweka pilipili juu yao ndani ya mifuko ya mkate, zikiwa bado na joto. Émile alikuwa amesema zipoe kwanza, mifuko iwe mizima, pakiti ziwe ndogo ndogo. Mtu akifundisha shule ya msingi miaka thelathini hawezi kuacha. Mifuko ya mkate ina matundu madogo. Ya kupumulia, nadhani.

Saa nane umeme ukakatika. Nikawa nafungua kila baada ya dakika kumi kuangalia kama baridi ipo. Kila nilipofungua ilikuwa imepungua. Ajabu.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umerudi. Kila kitu kimeganda vizuri. Vizuri kupita kiasi. Samaki, pilipili, maji ya kijani, mifuko ya mkate: jiwe moja.

Nilijaribu kisu. Kisu kimevunjika. Nilijaribu mchi wa Christiane wa kutwangia majani ya sombe. Mchi umepasuka. Nikafunga, nikatandika kitambaa cha mezani juu, nikaweka na maua ya plastiki. Inapendeza sana.

Alhamisi, 7 Machi

Christiane amerudi. Alitazama maua kwanza.

"Baba Sephora, fungula."

Nikafungua.

"Hii njo nini?"

Nikasema samaki.

"Samaki ya rangi ya majani?"

Nikaanza kumweleza kuhusu Agosti. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kreti, akashika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wale akina mama waliwaacha wauzaji wote wakamwamini yeye, na kesho watamwita muongo mbele ya parokia nzima.

Maneno hayo yamenikaa vibaya. Karibu niombe msamaha. Lakini ningeonekana kama nimekosea.

Aliyeyusha jiwe, akaosha samaki mmoja mmoja mara tatu, akawafunika kwa nyanya na vitunguu, akapika. Nilijitolea kuonja. Nilipata sauti yangu baada ya nusu saa.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu kwenye uwanja wa parokia. Pagne mpya za kitenge za sare, viti vya plastiki, hotuba. Christiane aligawa samaki na bukari, ugali wetu. Mimi nilikuwa nyuma ya spika. Kwa sababu ya jua.

Wakaanza kula. Halafu kikohozi kimoja. Halafu uwanja wote. Mama Adolphine, mwenyekiti wao, alisimama kuhutubia machozi yakimtiririka. Alizungumzia mateso ya mwanamke, na hakuna aliyebaki na macho makavu. Padri alisema kwamba katika Kwaresima zake zote hajaona toba kama hii. Hata yeye alikuwa anafuta uso. Alikuwa amerudia sahani.

Na langoni nani? Émile! Kreti ishirini za maji na soda, baridi kabisa. Alikuja nazo tangu asubuhi. Alinipungia mkono. Saa tisa hakuwa na chupa hata moja.

Ndipo Mama Adolphine akamwita Christiane mbele ya watu wote. Nikatafuta pa kutokea.

"Christiane, hii samaki iko moto sana," akasema, akipangusa pua. "Moto! Lakini iko muzuri. Kwa Pasaka tutaitaka tena. Ni nani alikufundisha?"

Christiane akaangalia upande wa spika. Nikanyoosha tai.

"Hakuna muntu," akasema.

Wakampigia makofi. Aliketi, akaficha uso kwenye kitambaa, na hayo machozi, nadhani, hayakuwa ya pilipili.

Jumamosi, 9 Machi

Christiane amechukua pilipili zote zilizobaki. Pakiti ndogo ndogo, mifuko mizima. Amepata oda saba kabla ya saa sita. Congélateur ameifunga kwa kufuli, na ufunguo uko shingoni mwake pamoja na msalaba. Chakula ananipa. Neno hanipi. Atatulia. Wagunduzi wengi hawaeleweki nyumbani.

Nimetafakari kwa unyofu nilipokosea. Jibu: pilipili. Si fani yangu. Fani yangu ni uyoga. Sasa hivi wanauuza kando ya barabara kwa ndoo, na ikifika Juni huoni hata mmoja. Nitachukua lori zima. Kilichokosekana ni mahali pa kugandisha tu.

Leo mchana Émile ameshusha congélateur mpya, matunda ya vinywaji vyake vya jana. Kubwa kuliko yetu. Nilikwenda kumpongeza kama jirani mwema. Nikaizunguka mara mbili.

Haina kufuli.