Amaru Hatakula Rangi

Jumatatu, 3 Juni

Amaru ametimiza miezi sita. Leo anaanza kula! Nimesoma kopo la uji wa dukani kwa miwani yangu ya kazini, ile ya kutengenezea blenda za watu. Vitu kumi na vinne! Rangi. Dawa ya kuzuia kuoza. Kitu kinaitwa ladha ya ndizi, na ndizi yenyewe haimo. Nikatangaza mezani: mwanangu hatagusa cha kiwandani, nitampikia mimi. Mke wangu Nélida akasema haya, pika, akavaa koti akaenda kufundisha. Mama yake, Mama Fortunata, akabaki mezani. Alicheka peke yake akiitazama sufuria.

Kuna na ile chupa ya matone ya madini ya chuma, ya kuongeza damu. Muuguzi alitupatia mwezi wa Aprili. Watoto wengi wa huku milimani wanapungukiwa damu, akasema, kwa hiyo matone kila asubuhi. Niliisoma pia. Rangi! Sukari ya bandia! Nikaimwaga yote, nikajaza maji ya mchicha. Chupa ni nyeusi, nani ataona? Leo nimehamia maji ya bitiruti. Mekundu kama damu yenyewe. Nélida hajui. Sijamdanganya. Hajauliza.

Jumanne, 4 Juni

Sokoni. Nimemhoji mama wa boga: limepuliziwa dawa? Mbegu za nani? Maji ya wapi? Akaniuliza, “Baba, unanunua boga au unaliposa?” Soko zima la Huancayo likacheka. Nimenunua.

Kinoa, ile nafaka yetu ya milimani, nimeipata kwa mzee aliyeapa kwamba imetoka shambani moja kwa moja. Nimeipika bila kuiosha. Kuosha huondoa nguvu, ndivyo ninavyoamini. Ikatoa povu. Nikakoroga. Povu likapanda, likafurika hadi sakafuni. Mama Fortunata akaingia, akachovya kidole, akatema. “Mkwe wangu, kinoa huoshwa mara saba mpaka povu liishe. Hapa umempikia mtoto sabuni.” Nikamwambia angalau ni sabuni ya asili.

Amaru amenyonya, amelala. Mimi tumbo linanisokota. Nilionja vijiko vitatu.

Alhamisi, 6 Juni

Boga amelikataa. Jana amelikataa, leo amelikataa. Anafumba mdomo kama mlango wa benki Jumapili. Nimeimba. Nimebweka. Nimejipaka boga puani. Akanitazama kwa huruma.

Ananywa matone yangu tu, kwa hiyo nimeongeza. Vijiko viwili, vitatu. Si chakula hicho? Lakini amepauka. Nimemtazama dirishani, kwenye mwanga: midomo imepauka, ndani ya kope kumepauka. Nélida naye ameona. Akaniuliza kama ninampa matone. Nikasema kila asubuhi bila kukosa. Kweli tupu! Mbona basi niliosha kijiko kimoja mara tatu?

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa moja asubuhi nimefungua nepi. Nyekundu. Nyekundu yote! Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nélida akaja na povu la mswaki mdomoni, akaona, akakaa chini kwenye baridi ya sakafu. Mama Fortunata alishamfunga Amaru mgongoni kabla sijapata kiatu cha pili. Tukakimbia. Barafu barabarani, ndiyo Juni ya huku juu. Nilianguka mara mbili nimeikumbatia ile nepi. Njiani nilimwambia Mungu anichukue mimi, na blenda zote za wateja.

Zahanatini, muuguzi Rosaura, yule yule aliyetupatia matone, akaitazama nepi. Akauliza mtoto amekula nini jana. Nélida akasema hajala kitu, matone yake tu. Rosaura akataka chupa. Mama Fortunata akaitoa kwenye mkoba. Rosaura akafungua, akanusa, akamimina kidogo kwenye pamba.

“Hii ni bitiruti.”

Wote wakanigeukia. Hata Amaru.

Nikasema. Yote nimeyasema: Aprili, mchicha, rangi, sukari. Rosaura akasema mtoto hatoki damu, bitiruti hupita hivyo hivyo. Nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono, akamdunga Amaru kidole, akasoma mashine. Damu iko chini. Si ya kulazwa, lakini chini. Akasema, “Baba, mtoto hakuhitaji kitu chekundu. Alihitaji chuma.”

Nélida hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, “Kila asubuhi ulikuwa unaniangalia usoni, Fermín.”

Jumapili, 9 Juni

Mama Fortunata amechemsha maini ya kuku, ameyaponda na kiazi. Hakuongeza kitu. Amaru amefungua mdomo kama kinda. Amemaliza! Matone mapya, ya kweli, Nélida ndiye anayempa, chupa anaifungia kabatini, ufunguo anauvaa shingoni. Mimi nimepewa kazi ya kuosha kijiko. Ninakiosha vizuri sana.

Nimeapa mbele ya mama mkwe: sitasoma tena maandishi ya kopo lolote. Akasema kiapo changu kina povu.

Jumamosi, 6 Julai

Damu imepanda! Rosaura ametabasamu, amemsifu Nélida, amemsifu Mama Fortunata. Mimi hakunitaja. Basi. Mashavu ya Amaru yana rangi, na ni ya kwake. Nililia kidogo nje ya zahanati, nikasingizia vumbi.

Lakini nimefikiri. Maini ndiyo yaliyomponya. Maini ya kuku gani? Alikula nini kuku huyo? Mama Fortunata hajui! Mwezi mzima tunamlisha mtoto maini ya kuku tusiyemjua! Kwa hiyo nimenunua kuku majike sita, nimewaficha karakanani kwangu, nyuma ya blenda. Wanahitaji mahindi safi yasiyopuliziwa kitu. Nyumbani pana udongo mzuri mahali pamoja tu: bustani ya maua ya mama mkwe.

Kesho anakwenda misa ya asubuhi. Jembe nimeshalinoa.